Nyumba Isiyouzwa, Isiyorithiwa

Chukua nyumba moja ya mawe mtaa wa Kiponda. Ina ghorofa mbili, ngazi moja, kisima kimoja uani. Mwenyewe anafariki na kuacha mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Faraidhi haina utata hapa: mke anachukua thumni, kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiikata nyumba hiyo mafungu 48, mke ana 6, kila mtoto wa kiume ana 14, kila wa kike ana 7. Mpaka hapa kalamu na karatasi vinatosha.

Miaka kumi baadaye mmoja wa wale watoto wa kiume anafariki, na mama yake bado yu hai. Anaacha mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mama ana sudusi yake, mke ana thumni yake, watoto wanagawana baki. Sasa nyumba ileile inabidi ikatwe mafungu 1,728 ili kila mtu apate haki yake bila ya kudhulumiwa. Yule binti ana mafungu 119. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini mafungu 119 ya nyumba yenye ngazi moja ni kitu gani? Ni nusu ya chumba? Ni zamu ya kuteka maji? Mara nyingi huwa ni kauli tu: ya kusema "tuuze" au "tusiuze". Na mwenye dhiki ndiye huanza kusema.

Wenye nyumba wa Mji Mkongwe waliijua hesabu hii kabla hatujaanza kuisoma vyuoni. Walijua pia kwamba wasia hauwezi kuwaokoa. Wasia haupiti thuluthi ya mali, na hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Mtu hawezi kuandika, "Nikifa, nyumba hii isigawanywe, wakae watoto wangu wote," akategemea neno hilo lisimame mbele ya kadhi. Mlango uliobaki ulikuwa wakfu.

Msingi wake unajulikana. Sayyidna Umar alipata ardhi Khaybar, akamwendea Mtume (SAW) kutaka shauri, na jibu likawa kanuni: asili ya mali izuiwe, isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe; manufaa yake ndiyo yatolewe. Tofauti na wasia, wakfu unawekwa mtu akiwa hai na mzima. Siku anapofariki nyumba haimo tena katika mali yake, na faraidhi haina cha kukata. Wajukuu hawaimiliki, wanaishi ndani yake, au wanagawana kodi yake, kwa masharti aliyoyaweka babu yao.

Katika karne ya kumi na tisa, karafuu na biashara zilipoijaza Unguja mali, watu waliweka wakfu wa namna nyingi. Kuna maduka na mashamba yaliyowekwa kwa ajili ya mafuta ya taa za misikiti na mishahara ya maimamu. Kuna visima na viwanja vya makaburi. Kuna wakfu wa dhuria, yaani wa watoto na watoto wa watoto, ambao hurudi kwa msikiti au maskini pale kizazi kitakapokatika. Na kuna namna moja ambayo naona imesahauliwa kuliko zote: wakfu wa watumwa walioachwa huru.

Ili kuuelewa huu wa mwisho inafaa kukumbuka sheria ilivyomtazama mtumwa. Mtumwa harithi wala harithiwi. Akiachwa huru anaweza kumiliki mali, lakini bado hana fungu katika mali ya aliyekuwa bwana wake, hata kama amemlelea watoto wote. Kwa upande wa pili, fungamano liitwalo walaa linabaki: mtu aliyeachwa huru akifa bila ya jamaa wa damu wa kumaliza urithi wake, anayemrithi ni aliyemwacha huru, au jamaa zake. Basi mali iliweza kupanda kutoka kwa mtumwa wa zamani kwenda kwa bwana, lakini faraidhi haikuwa na njia ya kuiteremsha. Njia ya kuiteremsha ilikuwa wasia ndani ya thuluthi, au wakfu: kipande hiki cha ardhi wakae mahuru wangu na vizazi vyao.

Haifai kuupamba ukarimu huo kupita kiasi. Mtu anayekaa kwenye kiwanja cha bwana wake wa zamani anaendelea kumwamkia bwana huyo, na pengine kumchumia karafuu. Hata hivyo lilikuwa neno zito. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria nao wakaingizwa mwaka 1909, hakuna mtu aliyegaiwa ardhi. Wengi walivuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, wakajenga vibanda vya udongo na makuti. Kibanda kilikuwa chako. Kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, au cha wakfu.

Waingereza walikuwa wameshaifanya Zanzibar kuwa nchi ya himaya yao tangu 1890. Mwaka 1905 iliundwa Kamisheni ya Wakfu, na ikapewa uwezo juu ya wakfu usiokuwa na msimamizi au uliosimamiwa vibaya. Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo: wako wasimamizi waliokula mali za watu, na ziko nyumba zilizoachwa zianguke. Lakini pamoja na daftari na risiti iliingia pia fikra mpya ya nini maana ya sadaka.

Fikra hiyo ilikuwa imeshatolewa hukumu London. Mwaka 1894 Privi Kaunsili, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, ilisikiliza kesi ya Abul Fata kutoka Bengal. Ndugu wawili waliweka wakfu kwa vizazi vyao, na mwisho wake kwa mayatima na maskini. Majaji waliona kwamba fungu la maskini liko mbali mno hata halina maana, kwa hiyo huo si wakfu bali ni mbinu ya kuifunga mali ndani ya ukoo. Wakaubatilisha. Kwa sheria ya Kiingereza, kumpa mgeni ni kheri. Kumpa mwanao ni maslahi yako. Kwa fiqhi, kumlisha wako ni sadaka, tena ndiyo ya kuanza nayo. Waislamu wa India walipigania jambo hili mpaka sheria ya 1913, iliyopelekwa barazani na Muhammad Ali Jinnah, ikaurudishia wakfu wa dhuria uhalali wake.

Huku kwetu swali lilijibiwa kwa kuchelewa. Zanzibar ilitunga sheria ya kuuthibitisha wakfu wa dhuria mwaka 1946. Kenya ilifanya hivyo mwaka 1951, na hata baada ya hapo kesi ya familia ya Bakhshuwen, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za 1952, ilionyesha kwamba majaji wa London bado walishikilia msimamo wao wa zamani pale ambapo sheria mpya haikufika. Hesabu miaka: kutoka 1905 hadi 1946 ni miaka arubaini na moja. Kwa muda huo wote, ofisi iliyokuwa na funguo za nyumba za watu ilifanya kazi chini ya dola ambayo mahakama yake ya juu kabisa haikuamini kwamba kumwachia mtoto wako nyumba kunaweza kuwa ibada.

Lakini waliobeba mzigo mkubwa walikuwa Ng'ambo. Katika miaka ya 1920 kodi ya viwanja ilipandishwa, na watu waliokuwa hawatozwi kitu, au wakitoa kidogo kwa heshima, walianza kuandikiwa madeni. Wamiliki binafsi walidai, na Kamisheni nayo ilikuwa miongoni mwa wakusanyaji. Wakaazi wengi walijibu kwa hoja ya kisheria: ardhi hii iliwekwa wakfu tukae sisi na wazee wetu, mtu hatozwi kodi ya sadaka aliyopewa. Mwaka 1928 waligoma kulipa. Baadhi walipelekwa mahakamani na kufungwa, na umati ukaivamia jela na kuwatoa. Serikali ilitisha kwanza, kisha ikatunga sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi za viwanja.

Historia zetu hulitaja tukio hilo kama mgomo wa wapangaji, na sawa, ulikuwa mgomo. Mimi nauona pia kuwa kesi ya wakfu iliyosikilizwa barabarani. Watu ambao faraidhi haikuwapa fungu na ambao Waingereza hawakuwapa ardhi walisimama juu ya neno la marehemu. Wengi wao hawakuwa na hati mkononi. Walikuwa na kumbukumbu ya nani alimwambia nani akae wapi, na mbele ya daftari la kodi kumbukumbu haikuwa na nguvu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ikawa ya umma, na wengi waliotajwa kwenye hati za zamani wakawa Muscat, Dubai au London. Leo kazi hiyo iko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sheria Namba 2 ya 2007, na mizozo ya mirathi na wakfu ya Waislamu inakwenda Mahakama ya Kadhi. Mji Mkongwe umekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Neno hilo, urithi, linanichekesha kidogo ninapopita mbele ya nyumba ambayo mwenyewe alihangaika ili isirithiwe.

Wenzangu wa rika langu wanapoulizia nyumba za babu zao, swali huwa: nani ana haki? Ni swali la maana, na jibu lake linaweza kuwa katika neno moja la hati. Kwa madhehebu ya Shafi, "watoto wa watoto wangu" ni pamoja na watoto wa binti. Lakini mwekaji akisema "wanaonasibika kwangu", watoto wa binti wanatoka, kwa sababu wao wananasibishwa kwa baba yao. Wakfu uliwahifadhi mabinti wengi na uliwaondoa wengi, kwa kalamu ileile. Anayetaka kujua bibi yake alisimama upande gani hana budi kuisoma hati yenyewe, si kusikia habari zake harusini.

Liko swali jingine ambalo fiqhi imelitanguliza, nasi tumeliweka nyuma. Pato la wakfu, kabla ya msikiti, kabla ya dhuria, kabla ya maskini, linaanza na matengenezo ya mali yenyewe. Boriti zilizooza hubadilishwa kwanza, ndipo watu wagawane. Nyumba ndiyo mwenye haki wa mwanzo. Kodi ya nyumba nyingi za wakfu kwa miaka mingi haikutosha hata kununua chokaa, na masika yakija dari zinavuja. Siku ukuta ukianguka hakutakuwa na mafungu 48 wala 1,728 ya kugombania. Kitabaki kiwanja, na viwanja vya Mji Mkongwe vina wanunuzi wengi.