Tarehe ya Herefordshire na Ukoo wa Tomkins

Nchi ya Herefordshire iko magharibi ya Uingereza, imepakana na Wales. Mashariki yake ni vilima vya Malvern, magharibi ni Black Mountains, na katikati unapita mto Wye, utokao Plynlimon huko Wales, ukaingilia Hay, ukapita Hereford mjini na Ross, kisha ukateremka hadi Severn. Lugg, Arrow na Frome ni mito yake midogo. Udongo ni mwekundu, kwa kuwa umetokana na mawe ya kale ya mchanga mwekundu, na mashamba yakishalimwa wakati wa vuli nchi nzima huwa kama tofali bichi. Watu wake hawafiki laki mbili hata leo; hesabu ya mwaka 2021 iliwakuta kama 187,000. Mji mkuu ni Hereford, wenye kiti cha askofu tangu mwaka 676. Leominster, Ledbury, Bromyard, Kington na Ross ni miji ya soko.

Nchi hii husifiwa kwa matufaha, kwa hopsi za kutia bia uchungu, kwa manyoya ya kondoo na kwa ng'ombe. Matufaha na hopsi na kondoo wako kwingine pia, tena wazuri. Lakini ng'ombe mwekundu mwenye uso mweupe ametoka hapa, akaenea duniani, na jina la nchi akaenda nalo. Kwa hiyo ni haki kuuliza nani aliyemwanzisha, na ndiyo sababu ya kuandika tarehe hii, maana liko kundi linalompa sifa hiyo Lord Scudamore wa Holme Lacy, na kundi hilo limekosea.

Habari za wafalme nitazipitia upesi. Offa wa Mercia alimuua Ethelbert, mfalme wa East Anglia, mwaka 794, na maiti yake ikaletwa Hereford. Kanisa kuu lina jina lake mpaka leo. Mwaka 1461 Edward wa York alishinda vita vya Mortimer's Cross, na asubuhi ya vita watu waliona jua tatu mbinguni. Miezi haikupita mingi akawa mfalme. Mwaka 1645 Waskoti waliuzingira mji wa Hereford wakaondoka mikono mitupu. Yatosha.

Sasa ukoo wa Tomkins. Hawakuwa makabaila wala watu wa ikulu. Walikuwa wakulima wa upande wa King's Pyon, kaskazini-magharibi ya Hereford, watu wa kuamka alfajiri na kuingia zizini wenyewe. Mzee Richard Tomkins alipokaribia kufa aligawa mali yake, na mwanawe Benjamin akamwachia ng'ombe mmoja jike aliyeitwa Silver pamoja na ndama wake. Ndugu wengine walipata vyao, wala hatuna haja ya kuvieleza.

Benjamin huyu, ambaye watu humwita Benjamin mzee ili kumtenga na mwanawe, alizaliwa mwaka 1714. Mwaka 1742, akiwa kijana wa miaka 28, alianza kazi yake na ndama dume wa Silver, na majike mawili yaliyotoka kwenye mali ya babake: Pidgeon, aliyekuwa wa kijivu, na Mottle, mwekundu mwenye uso wa madoadoa. Yatazame vizuri majina hayo. Ng'ombe hawa watatu walijulikana mmoja mmoja kwa jina na kwa rangi, na wazee wa Herefordshire waliyahifadhi majina yao kama watu wengine wanavyohifadhi majina ya mabibi zao.

Wakati ule maksai wa nchi hii walikuwa wa kufungwa nira. Walivuta plau kwenye udongo mzito miaka kadhaa, kisha wakanoneshwa na kuchinjwa. Watu wengi waliangalia ukubwa wa mifupa na nguvu ya bega. Benjamin aliangalia jambo jingine: ni ng'ombe yupi anayenenepa upesi kwa majani matupu, bila kupewa nafaka? Huyo ndiye aliyemzalisha. Rangi hakuijali. Zizini mwake walikuwamo wa kijivu, wa madoadoa na wenye uso mweupe, na ukimkuta mtu anayesema Tomkins alichagua uso mweupe, jua kwamba hajui. Alichagua mgongo mpana, paja lililojaa na tabia ya upole. Akazalisha ndani ya kundi lake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, hata wanyama wake wakafanana kwa umbo ingawa hawakufanana kwa rangi.

Alifariki mwaka 1789. Mwanawe, Benjamin mdogo, aliyezaliwa mwaka 1745, aliichukua kazi akaipeleka mbele zaidi akiwa Wellington Court, na wako wanaosema mtoto alimpita baba. Mimi nasema mtoto alijenga juu ya msingi aliokuta. Alifariki mwaka 1815, na mwaka 1819 kundi lake likapigwa mnada, wafugaji wakaja kutoka mbali kugombea damu ya Tomkins. John Price wa Ryall alikwisha kuipata mapema, na kundi lake lote likasimama juu ya damu hiyo. Ukoo wa Galliers wa Wigmore walikuwa wafugaji wazuri. Ukoo wa Tully nao pia.

Na kabla ya mnada huo, London ilikwisha kutoa hukumu yake. Yalipofanywa maonyesho ya kwanza ya mifugo huko Smithfield mwaka 1799, maksai wa Hereford aliyeletwa na Bwana Westcar ndiye aliyechukua zawadi ya kwanza.

Hapa lazima nisimame nieleze habari ya kilima cha Marcle, maana tarehe ya Herefordshire isiyoitaja haijatimia. Mwezi wa Februari mwaka 1575, kilima kilicho upande wa Much Marcle kiliamka kwa ngurumo, kikaanza kutembea. Kilitembea siku tatu. Kilibeba miti iliyosimama wima, kikabeba na kondoo katika mazizi yao; miti mingine kikaifunika, mingine ikaendelea kumea mahali papya kana kwamba imepandwa pale. Kanisa dogo la Kynaston lilimezwa lote. Mwandishi Camden, aliyeishi zama zile, ameitia habari hii katika kitabu chake, na mahali penyewe panaitwa The Wonder, yaani Ajabu. Wataalamu wa miamba wanasema ni maporomoko, kwamba mvua iliingia kati ya tabaka za udongo na mawe, tabaka la juu likateleza. Na iwe hivyo. Lakini katika karne ya 19 mkulima aliyekuwa akilima pale aligonga chuma, akafukua, akaitoa kengele ya kanisa lile, iliyokuwa imelala ardhini zaidi ya miaka mia mbili na hamsini.

Turudi kwa ng'ombe.

Uso mweupe tunaoujua leo ulikazwa na John Hewer, aliyefariki mwaka 1873 akiwa mzee sana. Fahali wake walikodishwa kila pembe ya nchi, na alama hiyo ikashinda, kwa sababu katika damu uso mweupe hutawala: fahali wa Hereford akimpanda ng'ombe mweusi, ndama huzaliwa na uso mweupe, na mnunuzi sokoni anamjua baba bila kuuliza. Kwa biashara hiyo ilikuwa muhuri. Hata hivyo, Eyton alipochapisha juzuu la kwanza la Kitabu cha Nasaba ya ng'ombe wa Hereford mwaka 1846, bado wenye uso wa madoadoa na wa kijivu walikuwamo, na wenyewe wakagombana vikali juu ya rangi ipi ndiyo halisi. Chama cha wafugaji kiliundwa mwaka 1878 chini ya ulezi wa Malkia Victoria, na mwaka 1886 kitabu kikafungwa kwa mnyama yeyote ambaye wazazi wake hawakuandikwa.

Sasa madai ya Holme Lacy. Mapokeo yanasema Lord Scudamore alileta ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe kutoka Flanders, na kwamba hao ndio chimbuko. Scudamore alikuwa mtu mkubwa kweli: balozi wa Uingereza huko Paris kuanzia mwaka 1635 hadi 1639, na ndiye aliyelikarabati kanisa la Abbey Dore. Sifa ya tufaha la Redstreak ni yake, wala hakuna wa kumnyang'anya. Kwa tufaha hilo pombe ya Herefordshire ilinywewa London badala ya mvinyo wa Ufaransa. Hapo Holme Lacy ndipo ulipokuwa pia ule mpeasi ambao matawi yake yaligusa ardhi yakaota mizizi upya, hata mwaka 1790 ukafunika robo tatu ya eka na kutoa tani tano hadi saba za peasi. Lakini Scudamore alifariki mwaka 1671, miaka 71 kabla Benjamin Tomkins hajaanza. Mapokeo hayo hayataji jina la fahali, wala jike, wala ndama. Kuleta ng'ombe, hata kama aliwaleta, si kuanzisha kizazi. Kizazi huanzishwa na anayechagua, anayeandika, na anayekataa kumzalisha asiyefaa.

Vitu vingine vya nchi navyo vina haki ya mstari. Manyoya ya kondoo wa Ryeland yalilinganishwa na madini ya thamani, na wazee wanasema Malkia Elizabeth wa Kwanza alipovaa soksi za manyoya hayo hakutaka nyingine. Hopsi zilichumwa kila Septemba na watu waliofika kwa familia nzima kutoka Wales ya kusini na viwanda vya Birmingham. Vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira kwa pombe ya tufaha mpaka sheria ilipokataza mwaka 1887. Mwaka huohuo Percy Bulmer, mtoto wa kasisi wa Credenhill, alianza kiwanda chake, kwa kuwa mamake alimwambia achague kazi ya chakula au kinywaji, kwani hazipitwi na wakati. Na katika kanisa kuu imo ramani ya dunia ya karibu mwaka 1300, iliyochorwa juu ya ngozi ya ndama mmoja. Yerusalemu iko katikati, mashariki iko juu, na mwandishi alikosea akaandika Ulaya juu ya Afrika, na Afrika juu ya Ulaya. Mwafrika akiingia pale na ayatafute maandishi hayo mwenyewe.

Ng'ombe wa Hereford walifika Kentucky mwaka 1817, walipoletwa na Henry Clay, wakaenea Marekani yote, Argentina, Uruguay na Australia. Huko Iowa, mwaka 1901, Warren Gammon alianza kuzalisha wasio na pembe. Huku nyumbani, mwaka 1974 serikali iliiunganisha Herefordshire na Worcestershire bila ridhaa ya wenyeji. Mwaka 1998 zikatenganishwa, na ngao ya kaunti ingali na kichwa cha fahali. Soko la ng'ombe lilihamishwa nje ya mji mwaka 2011, maduka yakajengwa mahali pake, lakini fahali wa shaba amesimama katikati ya mji, mbele ya nyumba ya kale ya mbao iliyojengwa mwaka 1621.

Basi hukumu ya tarehe hii ni kwamba tufaha ni la Scudamore, uso mweupe ni wa Hewer, kitabu ni cha Eyton, na ng'ombe ni wa Benjamin Tomkins mzee wa King's Pyon.