Baba aliulizwa kwa mdomo, Mama alipewa skrini

Nyumbani kwetu Milton Keynes kuna ubishi ambao una umri wangu. Baba, mtu wa Tanga, alipata leseni ya Uingereza mwaka 1995, na mpaka leo akiulizwa kuhusu mtihani wa nadharia hucheka. "Nadharia gani? Tulimaliza kuendesha, mtahini akaniuliza maswali mawili matatu humo humo garini, akanionyesha picha za alama, akaniambia nimepita." Mama, mtu wa Mombasa, alifanya mtihani huo mara mbili mwaka 2008 na mara zote mbili akaanguka. Baba akisimulia hadithi yake, Mama huinuka akaenda kuangalia chungu jikoni hata kama hakuna kinachopikwa.

Mimi nilikua nikiamini kwamba Baba ana akili ya barabara na Mama hana. Yaani hata sikuwahi kujiuliza. Ni mpaka nilipotimiza miaka 17, mwaka 2022, nikaanza kusoma kwa ajili ya mtihani wangu mwenyewe, ndipo nikagundua kitu ambacho Baba hakuwahi kukisema, labda kwa sababu hata yeye hakukijua: hawa wawili hawakufanya mtihani mmoja.

Turudi nyuma kidogo. Leseni ya kuendesha gari ilianza Uingereza kwa sheria ya mwaka 1903. Ulilipa shilingi 5, ukapewa karatasi, basi. (Ndiyo, shilingi. Hawa nao walikuwa na shilingi mpaka 1971, mwambie bibi yako atafurahi.) Hakuna aliyekuuliza kama unajua breki iko wapi. Hali iliendelea hivyo kwa miaka 30, na mwaka 1930 Bunge likafuta hata kikomo cha mwendo kwa magari ya kawaida. Mwaka uliofuata serikali ikachapisha kijitabu cha *Highway Code*, bei peni 1, na sehemu kubwa yake ilihusu ishara za mikono. Vioo vya kutazama nyuma havikutajwa kabisa.

Matokeo yake yanatisha ukiyasoma. Mwaka 1934 watu 7,343 waliuawa barabarani, wakati magari yote nchini hayakufika hata milioni 3. Siku hizi magari yamepita milioni 40, na wanaokufa ni kama 1,700 kwa mwaka. Waziri wa Usafiri wa wakati ule, Leslie Hore-Belisha, alikuwa ndiyo kwanza amepewa kazi alipokoswakoswa na gari akivuka barabara kule Camden. Zile taa za mviringo za rangi ya chungwa zilizo juu ya nguzo za mistari kwenye vivuko zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Na ni chini yake ndipo mtihani wa kuendesha ulipoanza: kwa hiari mwezi Machi 1935, kwa lazima kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo huo. Ada ilikuwa shilingi 7 na peni 6. Vituo vya mtihani havikuwepo, hivyo mtahini mlikutana naye stesheni ya treni au mbele ya ofisi za mji, kama watu waliopanga kwenda harusini pamoja.

Sasa hapa ndipo pananihusu mimi na Mama. Kwa miaka 61, kuanzia 1935 mpaka 1996, sehemu ya nadharia ilikuwa mazungumzo. Mtu mmoja anamwuliza mtu mmoja. Ukikosa neno la Kiingereza unaweza kuonyesha kwa mkono, unaweza kusema "ile ya duara, nyekundu", na mtahini mwenye subira atakuelewa. Baba alipita katika mlango huo mwaka mmoja kabla haujafungwa. Tarehe 1 Julai 1996 mtihani wa kuandika ulianza, maswali 35. Januari 2000 ukahamia kwenye skrini ya kompyuta. Novemba 2002 zikaongezwa video za kutambua hatari. Septemba 2007 maswali yakawa 50, na kupita ni 43. Mama aliingia miezi michache baada ya hapo. Mlima ulikuwa umeinuliwa mara nne tangu Baba aupande, naye Baba bado anauita kichuguu.

Na Mama hakuja hapa bila kujua kuendesha. Alikuja 2004 na leseni ya Kenya mkononi. Sheria inamruhusu mgeni kuendesha kwa leseni ya kwao kwa miezi 12, kisha mwisho. Mtu wa Afrika Kusini au Zimbabwe anabadilisha ya kwao na kupewa ya hapa. Mtu wa Kenya au Tanzania anaanza upya, anaomba leseni ya mwanafunzi, anabandika herufi ya L kwenye gari kama kijana wa miaka 17. Mama alinisimulia jinsi alivyotahiniwa Mombasa: kuna ubao mkubwa uliochorwa mji mdogo, barabara, makutano, mataa, na kigari cha kuchezea. Afisa anakwambia toka hapa nenda pale, na wewe unakisukuma kigari huku ukieleza kwa sauti unachofanya. "Naangalia kioo, natoa indiketa, nampisha anayetoka kulia." Wakenya wote wanaujua ubao huo. Mama aliupita mara ya kwanza.

Kwa hiyo elimu yake ya barabara ilikuwa mdomoni na mikononi. Mwaka 2008 akakalishwa mbele ya skrini, peke yake, kimya, na Kiingereza cha kuandikwa. "Kusoma najua, mwanangu," aliniambia, "lakini wao swali lao lazunguka kama paka anayetafuta mahali pa kulala. Nikifika mwisho nimesahau mwanzo."

Kulikuwa na njia ya pembeni wakati ule. Mtihani ulisomwa kwa sauti katika lugha 19 za kigeni, Kiarabu, Kigujarati, Kireno, Kipolandi na nyingine. Kiswahili hakikuwemo, lakini uliweza kuomba kuja na mkalimani aliyeidhinishwa. Mama hakujua mpaka jirani alipomwambia mwishoni mwa 2013, akaanza kuweka pesa kidogo kidogo za kumlipa. Tarehe 7 Aprili 2014 njia hiyo ikafungwa. Kuanzia siku hiyo ni Kiingereza, Kiwelisi au lugha ya ishara ya Uingereza tu. Serikali ilitoa sababu zake: usalama wa barabarani, gharama, na hofu ya wakalimani wanaomnong'oneza mtu jibu. Sitasema sababu hizo ni za uongo. Udanganyifu ulikuwepo kweli, na alama za barabarani hapa zimeandikwa kwa Kiingereza. Nasema tu kwamba aliyejua kuendesha na aliyetaka kudanganya walifungiwa mlango mmoja.

Mkiniuliza hasara ilikuwa nini, ni hii. Mama anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Wenye gari wanapewa zamu nyingi. Asiye na gari anapanda mabasi mawili saa 11 alfajiri, anamwogesha mzee, anapanda basi jingine kwenda kwa mzee wa pili, na muda wa kusubiri kituoni haulipwi. Miaka 18 hiyo.

Basi mwaka 2022 nikamwambia tusome pamoja. Kila usiku baada ya isha tulikaa mezani jikoni, mimi nasoma swali kwa Kiingereza, nalitafsiri, yeye anajibu. Nilidhani ninamsaidia. Wiki ya kwanza tu nikaona Kiswahili changu hakina barabara! Nina Kiswahili cha chakula, cha kugombezwa, cha msibani. Sikuwa na neno la gari linalomfuata mwenzake kwa karibu mno. Mama akasema, "Anamnusa nyuma." Nikaandika.

Tulipofika kwenye mizunguko ndio tukagombana. Milton Keynes ina zaidi ya 100, wanaokaa hapa wanajua adhabu yake. Baba akapita akisema, "Hicho ni kipilefti." Mama: "Kwetu ni raundabauti." Baba akashikilia kwamba neno lake lina maana zaidi, maana ndani yake limebeba amri ya ubao wenyewe, kaa kushoto. Nikaenda kusoma na nikakuta kwamba hata Waingereza hawakuwa wameelewana kuhusu duara hili mpaka 1966, walipoweka kanuni ya kumpisha anayetoka kulia. Kabla ya hapo magari yaliweza kujifunga humo ndani, kila mmoja akimziba mwenzake.

Kilichomchekesha Mama zaidi ni wanyama. Waingereza walianza na kivuko cha pundamilia mwaka 1951, tena bila pundamilia hata mmoja nchini nje ya bustani za wanyama. Kisha wakaleta Panda mwaka 1962, hakikudumu. Kisha Pelican mwaka 1969, kisha Puffin, kisha Toucan ambacho waendesha baiskeli wanavuka pamoja na waendao kwa miguu, na Pegasus kwa wapanda farasi. Mtihani unataka uvitofautishe. Nilikuwa navichanganya ndege hao watatu. Mama alivishika kwa siku moja, kwa sababu yeye ni mtembea kwa miguu wa miaka 18 na vivuko hivyo anavitumia. "Pelican taa ya njano yapepesa. Puffin haipepesi, yakuangalia kama bado wavuka." Kweli, Puffin ina vitambuzi. Mimi nilikuwa nakariri, yeye alikuwa anakumbuka.

Neno gumu kuliko yote lilikuwa lile la video zenyewe. Nilikuwa natafsiri "hatari", naye akawa anasubiri mpaka gari lije mbele kabisa ndipo abofye, akachelewa, akapata sifuri. Nikamweleza tena na tena. Mwishowe akasema, "Ala, si hatari basi. Ni kinachotaka kuwa hatari." Tangu usiku ule alama zake zilipanda.

Jambo la mwisho, na wenye wazazi kama wangu lishikeni hili. Lugha za kigeni ziliondolewa, lakini sauti ya Kiingereza haikuondolewa. Ukijaza fomu ya kuweka tarehe unaweza kuomba kusikia maswali kwa hedifoni. Mama Kiingereza cha kusikia anakielewa vizuri, anasikiliza wazee wa Kiingereza kutwa nzima, tena wengine hawana meno. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia. Nikaweka tiki kwenye kisanduku hicho, tukalipa pauni 23 kila mmoja, tukapata siku moja.

Tuliingia pamoja. Nilimwona kwa mbali amevaa hedifoni juu ya mtandio, mdomo unacheza, anajibu kwa sauti ya chini kama yuko mbele ya ule ubao wa Mombasa. Alipata 46 kati ya 50, na kwenye video 58 kati ya 75. Mimi maswali nilipata 48. Kwenye video nilipata 41, na kupita ni 44. Nilikuwa nabofya bofya kama niko kwenye gemu, na ukibofya ovyo kompyuta inakupa sifuri kwa kipande kile chote. Kwa hiyo niliyezaliwa hapa, mwenye Kiingereza chote, nilianguka. Mama alikunja cheti chake akakitia mkobani, hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha basi. Pale ndipo akaniuliza kama nina njaa.

Nilirudia baada ya wiki tatu nikapita. Cheti kinadumu miaka 2 tu, usipopita barabarani ndani ya muda huo unarudi kwenye skrini, na tarehe za barabarani wakati ule zilikuwa za kugombaniwa kwa sababu ya foleni iliyoachwa na korona. Mama alipata ya miezi mitano mbele. Kila Jumapili alfajiri Baba alikaa kushoto kwake kama msimamizi, mimi nyuma. Tukikaribia mzunguko wa kwanza Baba alianza: "Haya, kipilefti hicho, nani ana haki?"

"Usiniulize kwa mdomo," Mama akamjibu, macho mbele. "Naendesha."