Lami, Ruzuku na Tangi la Petroli

Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 za lami, ingawa ilikuwa ikiuza mafuta nje tangu 1967. Kutoka mji wa Ibra kwenda Muscat watu walipita kwenye mabonde ya changarawe. Gari la maana lilikuwa lile lenye nguvu. Nani angeuliza linakula lita ngapi?

Miaka iliyofuata barabara zilijengwa.

Petroli ilibaki rahisi kwa ruzuku ya serikali hadi Januari 2016, bei ilipoanza kufuata soko la dunia. Hapo ndipo hesabu ya mafuta ilipoingia majumbani. Gari la haibridi, kama Toyota Prius iliyotoka Japani mwaka 1997, huokoa zaidi mjini: dereva akikanyaga breki, mota hurudisha umeme kwenye betri. Lakini safari ya Sur au Nizwa ni mwendo mrefu wa kasi, breki haziguswi sana. Huko gari dogo la petroli hulikaribia haibridi kwa matumizi, nalo huwa nafuu kununua. Kwa familia ya Ibra inayosafiri kila wiki, gari hilo lastahili heshima zaidi kuliko linavyopewa.