Chakula Chini ya Jebel

Upande wa magharibi wa mji wa Juba upo mlima uitwao Jebel Kujur. Jina hilo ni la Kiarabu cha Sudani: jebel ni mlima, na kujur ni mganga wa jadi. Msomaji wetu atalikumbuka mara moja neno jabali, ambalo katika Kiswahili hutaja zaidi mwamba. Chini ya mlima huo, kando ya njia iendayo Yei, palikua soko lililochukua jina lake, na hapo wapasuaji wa kokoto, wachukuzi na wasafiri wakajipatia chakula. Tukizitazama sahani zao, tutaisoma historia ya mahali hapo.

Kisra, mkate mwembamba sana wa unga wa mtama uliochachishwa, na ful, maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakalainika na kutiwa mafuta, ni vyakula vya njia ya kaskazini. Mwaka 1841 msafara wa Muhammad Ali wa Misri uliupanda mto Nile ukafika Gondokoro, karibu na Juba ya leo. Baada yake walikuja wafanyabiashara wa pembe na watumwa, pamoja na askari. Katika kambi za watu hao ndimo kilimozaliwa Kiarabu cha Juba, lugha ya sokoni.

Chapati imetokea upande mwingine. Asili yake ni Bara Hindi. Ikapita pwani yetu, ikaingia bara. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, wafanyabiashara wa Uganda na Kenya walimiminika Juba, na mwaka 2012 barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule ikakamilika. Wakimbizi waliorejea kutoka Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, nao walirudi na Kiswahili. Basi lugha yetu ilikwisha kufika mezani kabla Sudani Kusini haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Jambo hili lina uzito kwa mwalimu. Serikali za Khartoum zilijaribu kukieneza Kiarabu kusini kwa amri, zikaacha kinyongo. Katiba ya mwaka 2011 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini Kiarabu cha Juba, ambacho hakikuhitaji amri, kiliendelea kuagiziwa chakula.

Kwa hiyo Kiswahili kisiingie darasani kwa kishindo. Mwanafunzi wa Juba anayajua tayari maneno yaliyo ndugu wa samaki, bamia, sukari na sahani, kwa kuwa sisi nasi tuliyapokea kutoka Kiarabu. Mwalimu na aanzie hapo, kwenye sahani, ndipo aendelee na ngeli. Mgeni mwenye adabu hula kwanza kile alichoandaliwa na mwenyeji.