Mche Usioota

Mtajie mtoto wa Njombe neno "mche", mawazo yake yataenda kwenye kitalu. Huko ndiko kwenye miche ya misindano, ya parachichi na ya chai. Inamwagiliwa, inahesabiwa, inangoja mvua ipandwe. Siku moja mwalimu wa hisabati anachora sanduku ubaoni na kusema, "Huu ni mche mstatili." Mtoto anatafuta mizizi na majani, haoni.

Neno halina kosa. Kiswahili kina mche mwingine ambao mtoto huyohuyo ametumwa dukani kuununua mara nyingi: mche wa sabuni. Muuzaji anaulaza mezani, anaweka kisu, anakata kipande cha mteja wa kwanza, kisha cha wa pili. Tazama uso unaobaki kila kisu kinapopita. Ni mstatili uleule, upana uleule, kimo kilekile, tangu mwanzo wa mche hadi mwisho. Hiyo ndiyo maana yote ya istilahi hii. Mche ni umbo ambalo ukilikata popote, sambamba na kitako chake, unapata uso uleule. Kisu kikipinda, uso unarefuka, kwa hiyo maneno "sambamba na kitako" si ya kupamba.

Mataifa mengine yalipata jina la umbo hili kwa fundi mbao. Wagiriki walisema prisma, yaani kitu kilichokatwa kwa msumeno. Waarabu wanasema manshur, kutoka kitenzi cha kukata kwa msumeno vilevile. Mtu aliyekulia Makambako haoni ajabu hapo. Pale barabara ya Njombe na Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Mbeya, karibu na stesheni ya TAZARA, mbao ni mzigo wa kila siku, na kila ubao ulionyooka ni mche mstatili. Chukua mbao ya mbili kwa nne, futi 12. Kitako chake ni zile inchi 2 kwa 4 zinazoonekana ukisimama nyuma ya lori. Urefu ni futi 12. Kwa mita ni takriban 0.05 mara 0.1 mara 3.6, yaani mita za ujazo 0.018. Kwa makadirio hayo, mbao 55 au 56 za namna hiyo zinakamilisha mita moja ya ujazo. Kanuni ni ileile kwa kila mche ulio wima: eneo la kitako mara kimo. Kama uso haubadiliki njia nzima, kuna haja gani ya kupima zaidi ya mara moja?

Neno linalonisumbua ni "kitako". Linamfanya mwanafunzi aangalie chini, kana kwamba kitako lazima kikalie ardhi. Inua macho utazame nyumba ya paa la mgongo wa tembo. Fundi anatengeneza kenchi ya kwanza, anailaza chini iwe kipimo, na nyingine zote anaziundia juu yake ili zilingane. Kisha anazisimamisha kwa mstari, hatua sawa kwa sawa. Hewa iliyo chini ya paa hilo ni mche pembetatu uliolala. Kitako chake ni ile kenchi, nacho kimesimama wima. Urefu wa nyumba ndio kimo cha mche. Una nyuso 5, kingo 9 na vipeo 6, na unaweza kuvihesabu ukiwa uwanjani, bila kuchora.

Ndiyo maana pia sipendi kusikia maumbo haya yakiitwa "maumbo ya pande tatu". Pembetatu ina pande tatu na ni bapa kama karatasi. Afadhali "maumbo ya vipimo vitatu": urefu, upana, kimo.

Yako majina mengine yaliyotoka mikononi mwa watu. Pia, ile wanayozungusha watoto kwa kamba, imelipa jina lake umbo lenye kitako cha duara na ncha moja. Tufe ni lile la warusha tufe. Mchemraba ni mche ulioungana na mraba, nyuso 6 zilizo sawa. Pia iliyo na kitako na kimo sawa na mche duara, yaani mche wenye kitako cha duara, hujaza theluthi moja tu ya mche huo. Lichukue gunia la viazi kama mche duara, na lumbesa iliyorundikwa juu yake kama pia. Kilele kikifikia theluthi ya kimo cha gunia, mkulima amempa mnunuzi sehemu moja ya ziada kwa kila sehemu tisa, bila malipo.

Kwenye mche duara Kiswahili kimekuwa na mkono mpana kuliko Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki. Kwake mche ulitaka nyuso bapa tupu, na mche duara aliueleza kivyake, kama mstatili unaozungushwa juu ya upande wake mmoja. Sisi tumeuingiza katika ukoo wa miche, na naona tumefanya vema, kwa sababu mche duara unakishinda kipimo cha kisu.

Gogo la msindano linakaribia kuwa mche duara, ingawa linasinyaa kuelekea kileleni. Tuseme halikusinyaa, kipenyo sentimita 30. Boriti nene kuliko zote ya mraba inayoweza kutoka humo inachukua takriban asilimia 64 ya gogo. Inayosalia ni vumbi la mbao na mabanzi manne, yale ambayo watu huezekea mabanda na kuzungushia nyua. Liokote banzi moja. Upande mmoja bapa, mwingine una gome na umejikunja kama upinde. Likate katikati, likate karibu na ncha: upinde uleule. Nalo ni mche.