Milango Mitatu ya Mafunzo ya Upasuaji: Kutoka Makerere hadi COSECSA

Historia ya mafunzo ya upasuaji katika ukanda wetu ni historia ya milango mitatu. Wa kwanza ni udahili. Mafunzo ya utabibu Makerere yalianza mwaka 1924, lakini chuo hakikupokea wanawake hadi 1945. Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza kuhitimu udaktari hapo, alihitimu 1959.

Wa pili ni mahali. Kwa miongo kadhaa wengi waliotaka ubingwa waliufuata Uingereza, au baadaye waligombea nafasi chache za vyuo vikuu. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa 1999, kiliyapeleka mafunzo katika hospitali zilizoidhinishwa, zikiwamo za misheni.

Wa tatu ni masharti ya mafunzo yenyewe. Kuundwa kwa mtandao wa wanawake wapasuaji Afrika (WiSA) mwaka 2015 kunaonyesha kwamba mlango huu haujafunguka vya kutosha: zamu ndefu hugongana na miaka ya uzazi, na walezi wanawake ni wachache.

Kwa hiyo, ujumuishi upimwe kwa wanaohitimu, si kwa wanaodahiliwa pekee. Na kanuni zitamke kwamba likizo ya uzazi haimfutii mwanagenzi miezi aliyokwisha kuitumikia.