Mfereji wa Forth na Clyde

Tarehe 28 Julai mwaka 1790, huko Bowling, ukingoni mwa mto Clyde magharibi ya Uskoti, mkuu wa kamati ya wenye mfereji alimimina mtoni pipa zima la maji yaliyochotwa katika Forth, upande wa mashariki wa nchi ile, iwe alama mbele ya watu kwamba bahari mbili zilizotengwa na milima tangu kuumbwa kwa dunia zimepeana mkono. Baina ya maji yale mawili mna maili 35 tu, lakini maili hizo ziligharimu miaka 22.

Kazi ilianza mwaka 1768 kwa idhini ya Bunge, chini ya mhandisi John Smeaton, na rasilimali ikatoka mifukoni mwa mabwana wa ardhi na wafanyabiashara waliotaraji faida ya tijara. Vibarua walichimba kwa sururu na sepetu. Na kwa kuwa nchi hupanda kisha hushuka, vikajengwa vyumba 39 vya mawe, kila kimoja na milango yake mizito ya mbao, ambamo chombo huingia, mlango ukafungwa nyuma yake, na maji yakajazwa au yakapunguzwa hata kikawa sawa na mkondo wa mbele. Walipoukaribia mji wa Glasgow, fedha ziliwaishia, na mfereji ukalala miaka kadhaa bila ya kufika mwisho wake, hata mwaka 1784 serikali ilipotoa paundi 50,000 katika mapato ya mashamba waliyonyang'anywa wakuu walioasi, na mhandisi Robert Whitworth akaikamilisha kazi. Kwa hiyo ubia wa dola na matajiri, ambao siku hizi husemwa kana kwamba ni uzushi wa zama zetu, ulikuwamo katika mfereji huu tangu kabla haujakamilika.

Ulipostawi, ulistawi kweli. Mwaka 1803 William Symington aliipitisha humo mashua yake ya mvuke, Charlotte Dundas, ikivuta matishari mawili yenye tani 70 kila moja, tena upepo ukiwa wa mbisho. Na mwaka 1822 mfereji wa pili, uitwao Union, ulitoka Edinburgh ukaja kuungana na wa kwanza katika mji wa Falkirk, ukiteremka kwa vyumba 11 vilivyofuatana kama vipandio vya ngazi.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1867 kampuni ya reli ya Caledonian iliununua mfereji wa Forth na Clyde, na hapo ndipo penye ibra kubwa, kwani mwenye mali akawa ndiye mshindani wa mali yake mwenyewe, na kila shehena iliyopita majini ilikuwa shehena iliyoikosa reli. Vyumba 11 vya Falkirk vilivunjwa mwaka 1933. Mfereji ulipokuja kuwa mali ya umma, nao umma haukuuthamini zaidi: ilipotakiwa barabara kuu mpya ipite Castlecary, ilionekana nafuu kuufunga mfereji kuliko kujenga daraja la kuinuka, na tarehe 1 Januari 1963 ukafungwa. Maji yaliyopitisha vyombo kwa zaidi ya karne moja na nusu yakawa jaa la takataka.

Waliokataa kuusahau ni wapenzi wa mfereji waliojitolea kuusafisha na kuutetea, na sauti yao hatimaye ilisikika. Zilichangwa paundi milioni 84.5, ambazo milioni 32 zilitoka katika fungu la bahati nasibu ya taifa na nyingine katika mashirika ya umma, mabaraza ya miji, hazina ya Ulaya na watu binafsi. Mfereji ukafunguliwa tena mwaka 2001, na mwaka uliofuata, tarehe 24 Mei, Malkia Elizabeth akazindua Gurudumu la Falkirk badala ya ngazi iliyovunjwa. Gurudumu hilo lina mikono miwili, na kila mkono umebeba birika la maji. Mashua iingiapo katika birika husukuma nje maji yenye uzito sawasawa na wake, hata mabirika mawili yakabaki na uzito mmoja, moja likiwa na mashua na jingine likiwa na maji matupu, na nguvu kidogo tu ya umeme ikatosha kuipandisha mashua mita 24.

Nauona ubia wa kweli katika mizani ile. Mwaka huo huo wa 2002 shirika la umma lenye mifereji liliunda pamoja na makampuni binafsi ushirika wa ISIS, ili viwanja vilivyolala kando ya maji vijengwe nyumba na mahali pa kazi. Jambo hilo ni jema, maadamu uzito wa mmoja hauuzamishi upande wa mwingine; na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haitoshi daftari la mfereji liandike kodi na bei za viwanja peke yake. Kando ya maji ingalipo njia waliyopita farasi wakivuta mashua kwa kamba, na leo hupita humo mzee na fimbo yake na mtoto na baiskeli yake, wala hapana awatozaye. Siku mbia yeyote atakapoifunga njia hiyo, mfereji utakuwa umefungwa mara ya pili, ijapokuwa maji yamejaa mpaka ukingoni.